Nukta Zilizotulia Mno

Siku ya kumi na moja, Kamis hakuweza kumaliza chai yake. Aliiacha ikapoa mezani, utando ukajifunga juu, naye akaendelea kuitazama chati iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa chati nzuri. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Wageni walipokuja Jumatano, Madamu Akwero, meneja wa kiwanda, hakuwapitisha kwingine kwanza. Aliwaleta moja kwa moja mbele ya karatasi ile.

"Tangu huyu mzee wetu aanze kuchora hii kitu," aliwaambia, "mashine imeshika adabu. Angalieni wenyewe."

Wageni walitazama, wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akampa Kamis mkono. Kamis alitabasamu kama ilivyompasa.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa: majengo mawili ya mabati nyuma ya maduka ya mtaa wa Kyebando, mashine moja ya kujaza, na wanawake kumi na wanane, wengi wao Wakongo waliokimbia makwao. Walikuwa wakipakia ule unga wa chumvi na sukari anaopewa mtu anayeharisha ili maji yamrudie mwilini. Pakiti moja, lita moja ya maji. Kila pakiti ilitakiwa kuwa na gramu ishirini na nane. Ikipungua gramu moja au ikizidi gramu moja, inavumilika. Zaidi ya hapo haifai, kwa sababu pakiti nyepesi haimsaidii mgonjwa, na pakiti nzito, kwa mtoto mchanga aliyekwisha kukauka, ni chumvi juu ya kiu. Inaweza kummaliza badala ya kumponya.

Kazi ya Kamis ilikuwa kupima. Kila nusu saa alipima pakiti tano, akatafuta wastani wake, akaweka nukta kwenye chati. Katikati ya chati palikuwa na mstari wa gramu ishirini na nane. Juu yake mstari mmoja wa mpaka, na chini yake mwingine. Nukta ikivuka mpaka, mashine husimamishwa. Ikichezacheza ndani ya mipaka, mashine huachwa ifanye kazi yake, maana hata mpishi hodari hatii chumvi ile ile kila siku.

Elimu hiyo hakuipata kwa urahisi. Vita vya mwaka sabini na tisa vilimpeleka uhamishoni Sudan kama Wanubi wenzake wengi waliohofia kisasi baada ya serikali kuanguka, na aliporudi, vita vingine vimekwisha na serikali ni nyingine, alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane asiye na karatasi yoyote ya kumwonyesha mwajiri. Akawa mtunza stoo mchana, mwanafunzi jioni. Miaka minne alipanda ngazi za nyumba moja ya mtaa wa Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe, mashine za chapa zikitetemesha sakafu chini ya miguu yao. Somo la takwimu liliwashinda wengi. Yeye alilipata kwa alama ya pili darasani.

Mwalimu wake aliwahi kuwaambia neno ambalo sasa lilikuwa likimzunguka kichwani kama nzi: "Msiogope tu nukta inayoruka nje. Ogopeni na ile isiyoruka kabisa. Mashine yenye afya hupumua. Ukiona haipumui, ujue kuna mtu ameiziba pua."

Na nukta hizi hazikuwa zikipumua. Miezi mitatu yote zilirukaruka kama panzi, mara juu, mara chini, zote ndani ya mipaka. Halafu, siku kumi na moja zilizopita, zikalala. Zilijipanga juu ya mstari wa katikati kama watoto wa shule wanaomwogopa mwalimu.

Angekuwa na muda angelichunguza jambo hilo polepole. Lakini muda hakuwa nao. Ilikuwa Ijumaa, na saa kumi alasiri lori lingeondoka na katoni mia mbili na arobaini, kazi yote ya siku hizo kumi na moja, kwenda kwenye kambi za wakimbizi ambako kipindupindu kilikuwa kimeingia. Karatasi ya kuruhusu mzigo ilikuwa mezani pake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa saini, na saini iliyotakiwa hapo ilikuwa yake peke yake. Mlinzi hakufungua geti bila saini hiyo.

Kamis aliinuka, akauburuta mguu wake wa kulia wenye goti lililovimba, akamfuata Guerschom, fundi wa mashine.

"Umebadilisha nini humu siku hizi kumi na moja?"

"Mimi?" Guerschom alifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi. "Sijagusa hata nati, mzee."

"Hata nati moja?"

"Hata moja. Spea nilizoomba hazijaja. Kwani nukta zimetoka nje?"

"Hazijatoka. Zimetulia."

Guerschom alimwangalia, akacheka mpaka akashika kiuno. "Jameni! Wengine wanalia mambo yakiharibika. Mzee Kamis analia yakinyooka. Nenda kaoe mke wa pili, upate shida ya kweli."

Kamis hakucheka. Jibu lile lilikuwa limemzidishia hofu. Mashine isiyoguswa, iliyochakaa kiasi cha kuombewa spea, ingewezaje kuamka siku moja ikiwa nzuri kuliko ilivyokuwa ikiwa mpya?

Akarudi chumbani. Aliikagua mizani kwa vile vijiwe vya shaba vya kupimia; mizani ilikuwa sawa. Alirudia hesabu za wastani za siku zote. Hesabu zilikuwa sawa. Saa sita Madamu Akwero akachungulia mlangoni.

"Mzee, hiyo karatasi tayari?"

"Bado kidogo, Madamu."

"Kidogo ya nini? Chati iko safi."

"Nataka kuhakikisha jambo moja."

"Wewe unataka kuhakikisha, mimi nataka gari itoke saa kumi. Watu wanakufa huko, mzee. Si mimi nakusumbua, ni kipindupindu." Kisha akalainisha sauti. "Unajua wenye kiwanda walitaka kuweka kijana wa chuo kikuu kwenye hiyo kiti. Mimi nilisema hapana, mzee wa masomo ya jioni anaweza. Usinifanye nionekane mjinga."

Alipoondoka, maneno yale yalibaki. Kamis alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akikataa kutia saini bila ushahidi, atakuwa mzee mwoga aliyezuia dawa kwa ajili ya nukta nzuri. Akitia saini na moyo wake ukawa umesema kweli, basi kule kambini, chini ya hema fulani, mama mmoja atakoroga pakiti mbaya kwa imani kwamba kuna mtu aliyeipima.

Akaenda msikitini. Alisali na watu, lakini hata alipokuwa akivaa viatu hakuweza kukumbuka khatibu alikuwa amezungumzia nini. Kila Ijumaa alizoea kukaa barazani kidogo na wazee wenzake. Leo hakukaa. Alirudi kiwandani nusu saa kabla ya kawaida yake, akapitia mlango wa nyuma ili kulipunguzia goti mwendo, na ndiyo maana wanawake wa meza ya kupakia hawakumwona akiingia.

Mama Emérence, msimamizi wao, mwanamke mnene wa Bukavu mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amesimama mbele ya rundo la pakiti. Kando yake palikuwa na sinia ndogo iliyotandikwa kitambaa safi. Aliokota pakiti, akaiweka kiganjani, akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akairudisha kwenye rundo. Akaokota nyingine. Hiyo nayo akairudisha. Ya tatu aliipima juu chini mara mbili, akatabasamu, akaiweka kwenye sinia.

"Hii ya nne ni nzuri, yaya," alisema msichana Exaucée, akimpa moja na kumwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwao. "Mimi nimeishaishika."

Kamis alisogea hatua moja. Sinia ile aliijua. Kila nusu saa ililetwa mezani pake, pakiti tano juu ya kitambaa, na yeye alikuwa akishukuru na kupima.

Siku kumi na moja. Goti lake lilivimba siku kumi na moja zilizopita. Kabla ya hapo alikuwa akienda mwenyewe kwenye mdomo wa mashine na kuchukua pakiti tano zinazodondoka. Goti lilipomzidi alimwomba Mama Emérence amletee. Mizani ameikagua, hesabu amezikagua, mashine ameiulizia. Kiti chake mwenyewe hakukikagua.

"Mama Emérence."

Wanawake wote waligeuka. Exaucée akaangusha pakiti.

"Papa Kamis! Umetoka wapi kama mwizi?"

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunakutayarishia tano zako, Papa. Ya saa nane."

"Mnazichagua."

"Ndiyo, tunazichagua," Mama Emérence alijibu bila aibu yoyote. "Unataka tukuletee za ovyo? Kwetu mukubwa hapelekewi ukoko wa chini ya sufuria. Anapelekewa ya juu, ile nzuri."

"Mama, mimi si mgeni wa chakula! Mimi ni mpimaji!"

"Usinipigie kelele, Papa. Siku ya kwanza tulikuletea tano hivi hivi tu. Moja ilikuwa nyepesi. Uso yako ikawa mubaya mpaka jioni, hata salamu hukujibu. Nikaambia hawa: huyu papa iko na ugonjwa ya goti, tusimuongezee ugonjwa ya roho."

Wengine waliguna kukubali.

Kamis akaokota pakiti tatu kutoka kwenye zile ambazo Mama Emérence alikuwa amezikataa. "Hii ikoje?"

Mama Emérence aliishika kwa sekunde moja. "Nzito."

"Na hii?"

"Nyepesi. Hii ingine pia nzito, kuliko ile."

Wakaenda mpaka kwenye mizani, wanawake wakiwafuata. Ya kwanza: gramu thelathini na nusu. Ya pili: ishirini na sita. Ya tatu: thelathini na moja.

"Mnajua tangu lini?"

"Siku kumi hivi. Mashine ikijazwa unga, inamwaga nyingi. Unga ikikaribia kuisha, inamwaga kidogo. Mikono inajua, Papa, mutu hawezi kushika pakiti elfu kwa siku asijue."

"Na hamkusema!"

"Tulisema!" Exaucée alidakia. "Tulimwambia Guerschom. Akatuambia, nyinyi mnajua nini, chati ya Papa Kamis inaonyesha mashine iko sawa."

Kamis aliketi. Chati yake ndiyo iliyowanyamazisha watu waliokuwa wakijua ukweli, na ukweli wao ndio walioutoa kwenye sinia ili chati ipendeze.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Pakiti tatu zilizotoka kwenye rundo lililokwisha chambuliwa zilimthibitishia yeye, lakini zisingemtosha Madamu, na kwa haki zisingetosha elimu yake pia. Huenda ubaya ulikuwa wa leo tu. Huenda katoni mia mbili na arobaini zilikuwa nzuri, naye alikuwa karibu kuzuia dawa ya watu wanaokufa kwa sababu ya rundo moja. Alifungua droo, akatoa daftari lake la Wandegeya, akalifungua kwenye ukurasa wenye safu za namba zisizo na mpangilio wowote, zilizotungwa makusudi ili jicho la mtu lisichague.

Kule stoo, lori lilikuwa limekwisha rudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Dereva, Jafar, alikuwa ameegemea boneti akitafuna muwa.

"Naomba katoni namba mia na tisa," Kamis alimwambia mpakiaji. "Halafu kumi na saba. Halafu mia mbili na tatu."

"Mia na tisa iko chini kabisa, mzee! Chukua hii ya juu."

"Siitaki ya juu."

Jafar akatema makapi ya muwa. "Mzee, hiyo ni katoni, si mbuzi wa Idd. Chukua yoyote, twende."

"Yoyote inayochaguliwa na macho si yoyote," Kamis alisema. "Shusha mia na tisa."

Alipanga katoni kumi, na katika kila moja pakiti tano, nazo kwa namba za daftari. Akaiweka mizani juu ya kreti. Katoni ya kwanza: pakiti zote tano nzuri. Ya pili: zote nzuri. Ya tatu: zote nzuri. Pakiti kumi na tano, na hakuna hata moja yenye kosa. Jafar alipiga honi. Kamis aliifuta sahani ya mizani kwa kitambaa. Je, kama alikuwa amekosea? Alijikuta akitamani pakiti mbaya, kisha akajionea haya kwa kuitamani.

Katoni ya nne, pakiti ya pili: thelathini na moja.

Aliandika. Ya tano ilitoa moja nyepesi. Ya saba ilitoa mbili nzito, zimefuatana. Alipofika mwisho, kati ya pakiti hamsini, saba zilikuwa nje ya mpaka: nne nzito, tatu nyepesi. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini.

Alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta. Madamu Akwero aliisoma karatasi ya vipimo akiwa amesimama.

"Saba katika hamsini," alisema. "Na hizi arobaini na tatu?"

"Nzuri."

"Basi nyingi ni nzuri."

"Mtoto hapewi pakiti hamsini, Madamu. Anapewa moja."

Akwero aliketi. Alikuwa mfamasia, hakuhitaji kuelezwa pakiti nzito humfanya nini mtoto. Kisha hasira ikapata mahali pa kutokea. "Na ile chati? Ile niliyoonyesha wageni Jumatano, mimi na mdomo yangu?"

"Ile haikuwa kweli."

"Nani alidanganya? Wale wanawake? Niwafukuze leo leo!"

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Kamis aliuona. Angeweza kusema ndiyo, au kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Cheti chake cha masomo ya jioni kingebaki ukutani kikiwa safi.

"Hakuna aliyedanganya," alisema. "Sampuli huchukuliwa na mpimaji. Nilikaa kitini nikaletewa. Walinipa nzuri kwa heshima, nami nikapima heshima yao siku kumi na moja. Kosa ni langu. Na wao ndio wanaojua kilichoharibika, kuliko mimi na kuliko Guerschom."

"Unajua unasema nini? Nitawaambia nini wenye mzigo kule kambini?"

"Nipe simu. Nitawaambia mimi."

Alidhani angekataa. Lakini Akwero alizungusha namba, akaeleza kwa Kiingereza maneno machache, kisha akamsukumia mkono wa simu juu ya meza kama mtu anayesukuma sahani asiyoitaka. Upande wa pili palikuwa na mwanamume, Mkenya kwa lafudhi yake, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi.

"Mzee, naambiwa mzigo hautoki. Sisi huku tuna watoto wamelala chini. Sababu ni nini?"

Kamis alimweleza. Hakurefusha.

"Nani alikuwa anapima?"

"Mimi."

"Na nani amegundua?"

"Mimi."

Laini ikakwaruza. "Mbaya ni ngapi katika mia?"

"Karibu kumi na nne. Lakini nimepima hamsini tu, kwa hiyo pengine ni chini, kama sita, na pengine ni juu, kama ishirini na tano. Zaidi ya hapo sijui."

"Zitakuwa tayari lini?"

Kamis alimtazama Akwero. Akwero alikuwa ameinua kidole kimoja, akikitikisa, na midomo yake ikitamka bila sauti: Jumatatu. Sema Jumatatu. Nje, Jafar alipiga honi tena.

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa kama zile nukta, limelala juu ya mstari wa katikati, na yule mtu wa upande wa pili alikuwa akilisubiri kwa hamu.

"Siwezi kukupa siku," Kamis alisema. "Leo tunaanza kufungua katoni zote na kupima pakiti moja moja, tuna mikono ya kutosha. Kesho saa nne nitakupigia nikuambie zimetimia ngapi. Zilizo nzuri zitakuja kwanza, hata zikiwa katoni kumi. Nikikudanganya siku, utawaahidi watu, na mimi sitakuwepo kuwatazama usoni."

Akwero alishusha mkono wake, akafunika macho.

Upande wa pili yule mtu akakohoa, na karatasi zikasikika zikigeuzwa.

"Nitahitaji kuandika ripoti," alisema, na sauti yake haikuonyesha huruma wala hasira. "Nipe jina lako kamili, mzee."

Kamis aliinyoosha shingo yake.

"Kamis Abdul-Karim," alisema, na akalirudia polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu laini ilikuwa mbovu na hakutaka likosewe.